Limfoma kwa mtu anayeishi na VVU: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wanaoishi na VVU, pamoja na ndugu wanaowasindikiza kliniki, ambao wameambiwa au wanahofia kwamba uvimbe walio nao ni limfoma. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu swali lenyewe halina mengi. Suala la TB na la kukatwa kinyama (kipande cha uvimbe kinachotolewa kikapimwe) tumelieleza kwa urefu, maana huko ndiko wagonjwa wengi wanakopoteza miezi.

Limfoma ni nini hasa?

Ni saratani ya limfosaiti, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu. Seli hizi hukaa kwenye tezi za shingo, kwapa na kinena, kwenye bandama, uboho, koo na kuta za utumbo. Moja ikiharibika vinasaba na kuanza kuzaliana bila kizuizi, tezi hujaa na kuvimba. Na kwa kuwa limfosaiti husafiri mwili mzima, limfoma inaweza kujitokeza mahali ambapo hukutegemea: taya, fizi, tumbo, hata ubongo.

VVU vinaingiaje hapo?

Kwa njia mbili zinazosaidiana. VVU visipodhibitiwa, mwili hukaa katika hali ya kupambana muda wote na seli B, kundi mojawapo la limfosaiti, huzaliana mfululizo. Kadiri zinavyozaliana ndivyo makosa ya vinasaba yanavyopata nafasi. Wakati huohuo CD4, seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU, zinashuka, na virusi vingine ambavyo kinga ilikuwa inavituliza huamka. Kinachohusika zaidi ni kirusi cha Epstein-Barr, ambacho karibu kila mtu mzima wa Afrika Mashariki alikipata utotoni bila kujua. Kuna pia kirusi kilekile kinacholeta saratani ya ngozi ya Kaposi. Hicho kinaweza kusababisha limfoma adimu inayojaza maji kifuani au tumboni.

Kuwa na VVU hakumaanishi utapata limfoma. Wengi hawaipati kamwe. Ila hatari yako ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mtu asiye na VVU, na huzidi kadiri CD4 zinavyokaa chini kwa muda mrefu.

Nina mitoki kinenani na tezi shingoni. Kila tezi ni saratani?

Hapana. VVU vyenyewe huvimbisha tezi, hasa kabla ya kuanza dawa: ndogondogo, pande zote mbili, zimetulia vilevile mwaka mzima. Kidonda mguuni huleta mtoki. Jino bovu huvimbisha tezi chini ya taya. Kaswende nayo huvimbisha tezi.

Tezi inayotakiwa kukutoa nyumbani ni ile inayokua. Imezidi sentimita 2, imekaa zaidi ya wiki nne, haiumi, ukiibonyeza ni ngumu au inanesa kama mpira, upande mmoja umeupita mwingine waziwazi. Tezi iliyo juu ya mtulinga, kwenye kile kishimo cha chini ya shingo, usiipe hata hizo wiki nne.

Dalili nyingine ni zipi?

Madaktari huuliza mambo matatu kila mara: homa inayozidi nyuzi 38 isiyo na sababu, jasho la usiku linalolowesha shuka, na kupungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito ndani ya miezi sita. Aliyekuwa na kilo 60 akishuka chini ya 54 bila kufunga wala kukusudia, hilo ni jambo.

Nyingine hutegemea uvimbe uko wapi. Fizi inayovimba na kutoa damu hadi meno yanalegea. Tumbo linalojaa, choo kufunga, kutapika. Kikohozi na kubanwa kifua, uso kuvimba asubuhi. Limfoma ya ubongo hutokea zaidi kwa wenye CD4 chini ya 50, na huja na degedege, udhaifu wa upande mmoja au mabadiliko ya tabia. Hapo inafanana sana na toksoplasma, maambukizi ya vimelea kwenye ubongo, na mara nyingi daktari huanza kutibu toksoplasma huku akifuatilia picha ya kichwa.

Mbona nilipewa dawa za TB kwanza, halafu ndiyo naambiwa ni saratani?

Ukisoma tena zile dalili tatu za juu utaona tatizo. Homa, jasho la usiku, kukonda, tezi shingoni: hiyo ndiyo sura ya TB ya tezi, na kwa watu wenye VVU katika ukanda wetu TB ndiyo inayoonekana zaidi kwa mbali. Daktari wa kituo cha afya anayekuwazia TB kwanza hajakosea. Kosa huanza pale ambapo TB haikuthibitishwa, dawa zimeanzishwa kwa kukisia, mgonjwa haponi, na hakuna anayerudi nyuma kuuliza.

Dawa za TB humezwa miezi sita. Limfoma inayokua haraka haina miezi sita ya kusubiri. Aina ya Burkitt inaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache tu. Watafiti wa Afrika wamelieleza tatizo hili mara nyingi: wagonjwa wa limfoma wanaofika hospitali kubwa wakiwa tayari wamemeza dawa za TB, na ugonjwa umeshaenea.

Kwa hiyo uliza maswali haya kwa upole, lakini uyaulize. TB yangu imethibitishwa, au tunaikisia? Kimetolewa chochote kwenye tezi kikapimwa kwa mashine ya GeneXpert? Kama nimemeza dawa wiki nne hadi nane bila kuruka na tezi hazijapungua, au zimeongezeka, tunafanya nini? Jibu linalofaa kwa hilo la mwisho ni kuchukua kinyama.

Tahadhari mbili hapa. Ya kwanza, tezi za TB yenyewe zinaweza kuvimba zaidi baada ya kuanza ARV, kwa sababu kinga imeamka na kuanza kupigana. Kwa hiyo kuvimba peke yake si ushahidi wa saratani. Ya pili, mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kuthibitishwa TB leo hakufuti limfoma, na hili husahaulika mno.

Jambo jingine ambalo watu wachache huambiwa ni prednisolone. Dawa hii huyeyusha limfoma kwa muda. Mgonjwa akipewa kwa ajili ya mzio au kupumua kwa shida, tezi hupungua, kila mtu anafurahi, na wiki chache baadaye zinarudi kubwa zaidi. Baya zaidi, kinyama kikichukuliwa katika siku hizo za nafuu kinaweza kusomeka vibaya kwa sababu seli zenyewe zimekufa. Inapowezekana kinyama kitangulie, prednisolone ifuate.

Nilichomwa sindano kwenye tezi, majibu yakaja "hakuna saratani". Nimesalimika?

Bado. Sindano nyembamba huvuta seli chache tu. Inafaa kutafuta TB, na inaweza kuonyesha saratani fulani, lakini limfoma hutambuliwa kwa kuangalia jinsi seli zilivyojipanga ndani ya tezi, na sindano hiyo inaupoteza mpangilio. Majibu ya sindano yakikataa limfoma huku mwili unaendelea kuisha, majibu hayo hayatoshi.

Kinachotakiwa ni tezi nzima kutolewa, au kipande kikubwa cha uvimbe ikiwa hautoki wote. Kwa tezi ya shingo au kwapa mara nyingi ni upasuaji mdogo wa kuchomwa ganzi pale pale, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Daktari mwangalifu huacha mtoki wa kinena ikiwa kuna tezi nyingine, kwa kuwa tezi za kinena zina makovu ya vidonda vya miaka mingi na husomeka kwa shida.

Halafu kuna safari ya hicho kinyama, ambayo nadhani inastahili kuangaliwa kuliko inavyoangaliwa. Kinatakiwa kiingie kwenye chupa ya formalini papo hapo, na formalini iwe nyingi kukizidi, yapata mara kumi. Kikiwekwa kwenye maji ya dripu, au kikikaa kikavu kikisubiri mtu wa kukipeleka, kinaharibika na utakatwa tena. Mara nyingi ni ndugu anayekabidhiwa chupa apeleke maabara. Hakikisha ina jina lako na sehemu ilikotolewa, chukua namba ya maabara, na muulize mpokeaji urudi siku gani. Kwenye hospitali kubwa kinyama hupakwa pia rangi maalumu zinazotambua alama za juu ya seli, ili kujua ni seli B au T na aina ipi. Kipimo hicho hulipiwa peke yake katika vituo vingi, basi uliza mapema usije ukasimama dirishani bila hela.

Nimesikia saratani ikiguswa na kisu inasambaa.

Imani hii imeua watu. Limfoma husambaa kwa sababu seli zake husafiri kwenye damu na limfu tangu mwanzo, iwe imekatwa au haijakatwa. Watu waliokatwa wakafa baada ya muda mfupi wengi wao walikatwa wakiwa wamechelewa. Bila kinyama hakuna jina la ugonjwa, na bila jina hakuna dawa.

Nameza ARV vizuri na virusi havionekani. Mbona nimepata?

Swali hili huja na uchungu, na pengine na mashaka ya mwenza kwamba hukuwa unameza. ARV hupunguza sana hatari, hasa ya zile aina zinazofuata CD4 za chini kama limfoma ya ubongo. Haziiondoi yote. Burkitt hutokea hata kwa mwenye CD4 zaidi ya 200, na limfoma ya Hodgkin huonekana zaidi kwa watu wenye kinga ya wastani kuliko walioishiwa kabisa. Wengine hugundulika ndani ya miezi ya mwanzo ya kuanza dawa: ugonjwa ulikuwepo kimyakimya, kinga ilipoamka ukajionyesha. Kwa hiyo kupata limfoma si ushahidi kwamba mtu aliruka dozi, na yeyote anayekuambia hivyo mbele ya ndugu zako anakukosea.

Kuna aina ngapi?

Ni nyingi, lakini kwa watu wenye VVU chache ndizo zinazorudiarudia. Inayoongoza ni limfoma ya seli B kubwa iliyotapakaa, ambayo madaktari huiita DLBCL. Kuna Burkitt. Kuna Hodgkin, ambayo huponyeka kuliko nyingi. Kuna plazmablastiki, inayopenda kinywa na fizi. Na kuna ya ubongo.

Burkitt ni ya kwetu kwa historia. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliletewa mtoto mwenye uvimbe wa taya katika hospitali ya Mulago, Kampala. Akaandika kuhusu ugonjwa huo mwaka 1958, kisha akazunguka nchi nyingi za Afrika akichora ramani ya mahali unapopatikana. Ramani ikafanana na ya malaria. Vinyama kutoka Uganda vilipelekwa London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona ndani yake kirusi ambacho leo kina majina ya wawili kati yao. Wakati huo VVU havijajulikana. Burkitt ya watoto wa maeneo ya malaria na ile ya watu wazima wenye VVU ni ndugu, ila ya watu wazima hushika zaidi tumbo, uboho na maji ya uti wa mgongo kuliko taya.

Sijawahi kupima VVU, lakini nimeambiwa nina limfoma. Kwa nini wananipima?

Kila mwenye limfoma anatakiwa apimwe. Limfoma inaweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza ya VVU, na kutibu moja bila nyingine ni kazi bure.

Kadi yangu imeandikwa "hatua ya 4". Ndiyo mwisho?

Kwanza angalia ni hatua ya 4 ya nini. Shirika la Afya Duniani lina mpangilio wake wa hatua za VVU, na limfoma ya seli B isiyo ya Hodgkin humweka mgonjwa moja kwa moja kwenye hatua ya 4, hata kama ana tezi moja tu. Hiyo ndiyo huandikwa kwenye kadi ya CTC, yaani kliniki ya VVU. Limfoma ina hatua zake: ya 1 ni eneo moja la tezi, ya 2 ni maeneo kadhaa upande mmoja wa kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, ya 3 ni pande zote mbili, ya 4 imeingia kwenye uboho, ini au viungo vingine. Tumeona watu wakilia kwa kusoma namba isiyohusika.

Na hata kama ni hatua ya 4 ya limfoma yenyewe: saratani hii haiko kama ya titi au ya shingo ya kizazi, ambako hatua hiyo kwa kawaida inamaanisha kutuliza tu. Limfoma huitikia dawa za mshipa, ndizo tunazoziita dripu, na dawa za mshipa hufika popote. Wapo wa hatua ya 4 wanaopona.

Wenye VVU wanapona kweli, au tunafarijiwa?

Kabla ya ARV hali ilikuwa mbaya, na sifa hiyo mbaya bado inatembea hadi kwa baadhi ya wahudumu. Siku hizi mwenye VVU anayemeza ARV na kupata dozi kamili hupata matokeo yanayokaribia ya asiye na VVU mwenye ugonjwa uleule. Mfano wa jirani: Lilongwe, Malawi, watafiti walitoa tiba ya R-CHOP (mchanganyiko wa dawa tutakaoueleza mbele) kwa wagonjwa wa DLBCL, wengi wao wakiwa na VVU, na baada ya miaka miwili zaidi kidogo ya nusu walikuwa hai. Hiyo ni hospitali ya umma ya Afrika, si Ulaya.

Kinachopunguza nafasi ni kuchelewa, CD4 za chini sana, ugonjwa kufika kwenye ubongo, na kukatiza dozi. Kati ya hayo manne, mawili yanaweza kurekebishwa na mgonjwa na familia yake. Mtu akikuambia "huyu ana VVU, msihangaike na dripu," tafuta maoni ya daktari mwingine.

Vipimo vyote hivi kabla ya dripu vya nini?

Picha ya CT ya kifua na tumbo huonyesha ugonjwa ulipofika. Uboho huchukuliwa kwenye mfupa wa nyonga. Unauma kwa dakika chache, usiseme hauumi. Maji ya uti wa mgongo huangaliwa hasa kwa Burkitt na pale kichwa kinapohusika. Kipimo cha moyo ni kwa sababu dawa moja kwenye mchanganyiko huweza kuudhoofisha. Figo na ini, mimba, wingi wa virusi na CD4.

Usikubali kipimo cha homa ya ini B kirukwe. Rituximab, moja ya dawa za dripu, inaweza kuamsha kirusi hicho na kuharibu ini kwa kasi. Bahati nzuri tenofovir na lamivudine zilizo ndani ya kidonge cha ARV kinachoitwa TLD hukizuia pia, ambayo ni sababu nyingine ya kutobadilishiwa ARV bila kufikiriwa.

Niache ARV mpaka nimalize dripu?

Hapana. Zamani kuna mahali walishauri hivyo, kwa kuogopa dawa kugongana. Sasa ARV zinaendelea, na ambaye hajaanza huanzishwa.

Kugongana kupo, ila kunategemea unameza nini. TLD, yaani tenofovir, lamivudine na dolutegravir, inakwenda vizuri na dripu nyingi. Daktari ataangalia figo kwa sababu ya tenofovir. Zidovudine hupunguza damu, na dripu nazo hupunguza damu, kwa hiyo kawaida hubadilishwa. Wale wa mstari wa pili wa ARV wenye ritonavir ndani ya dawa zao wawe makini zaidi: ritonavir huzuia ini kuvunja vincristine, moja ya dawa za dripu, ikalimbikizana, na miguu na matumbo ndivyo vinavyoadhibiwa. Kama bado unameza dawa za TB zenye rifampicin, dolutegravir humezwa mara mbili kwa siku badala ya moja. Vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia navyo huizuia dolutegravir kufyonzwa vikimezwa pamoja.

Yote haya yanataka watu wawili wazungumze: wa CTC na wa saratani. Katika vituo vingi hawakutani kamwe, na anayebeba habari kati yao ni wewe. Nenda na kopo lenyewe la ARV kila kliniki ya saratani, na nenda CTC na karatasi yenye majina ya dripu. Septrin nayo iendelee isipokuwa daktari aseme vinginevyo.

Dripu zinakuwaje?

Kwa limfoma isiyo ya Hodgkin mchanganyiko wa kawaida ni CHOP: dawa tatu za mshipa siku ya kwanza, kisha vidonge vya prednisolone kwa siku tano. Hurudiwa kila baada ya siku 21, kwa kawaida mara sita. Ikiongezwa rituximab inaitwa R-CHOP. Hodgkin hutibiwa kwa ABVD, kila wiki mbili. Burkitt huhitaji dawa kali zaidi na mara nyingi kulazwa, pamoja na dawa inayowekwa kwenye uti wa mgongo.

Siku za mwanzo, uvimbe mkubwa ukiyeyuka kwa kasi, uchafu wa seli zilizokufa huweza kuziba figo. Ndiyo maana unapewa maji mengi na allopurinol. Ukiona mkojo umepungua, sema.

Dawa nyekundu, doxorubicin, itakutoa mkojo mwekundu siku moja au mbili; si damu. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, kwa hiyo mkono ukiwasha wakati dripu inaingia usivumilie kwa heshima, mwite nesi saa hiyohiyo. Vincristine huleta ganzi vidoleni na choo kigumu. Nywele hutoka na hurudi. Kichefuchefu kina dawa nzuri, na hupewa kabla, si baada ya kutapika.

Nikipata homa?

Ukifika nyuzi 38, nenda hospitali saa hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu seli za kinga ziko chini kabisa, na maambukizi yanaweza kuua kwa saa chache. Nunua kipimajoto cha duka la dawa. Usimeze panadol na kusubiri asubuhi, na usianze na kipimo cha malaria peke yake. Mlangoni sema maneno haya: "Niko kwenye dripu za saratani na nina homa."

Matibabu yako wapi, na gharama?

Tanzania: Taasisi ya Saratani Ocean Road na Muhimbili zilizopo Dar es Salaam, Bugando Mwanza, KCMC Moshi. Kenya: Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na hospitali ya rufaa ya Moi iliyoko Eldoret, miongoni mwa nyingine. Uganda ina taasisi ya saratani pale Mulago, iliyoanzishwa 1967. Rwanda ina hospitali ya Butaro.

ARV ni bure. Dripu na vipimo inategemea nchi, bima na kituo. Dawa za CHOP ni za zamani na bei yake ni ya chini ukilinganisha na rituximab, ingawa rituximab imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015. Kama rituximab haipatikani, CHOP peke yake bado ni tiba ya kweli. Usikae nyumbani kuisubiri R. Onana na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ya kwanza, kabla ya deni kukua. Na nauli: mara sita kwenda na kurudi kutoka Kigoma au Lodwar, pamoja na pa kulala, ndiyo huwashinda wengi kuliko dawa. Harambee ya familia ipangwe kwa safari zote, si ya kwanza pekee.

Mionzi je?

Kwa baadhi: uvimbe mmoja mkubwa, limfoma ya ubongo, au mfupa unaouma. Si kila mtu.

Dawa za asili na maombi?

Maombi hayagongani na dripu. Mitishamba mingine hugongana, kwa kuwa huvunjwa na ini lilelile, na isiyojulikana kipimo chake ni hatari mara mbili. Wengi wetu tunakumbuka misururu ya magari ya Loliondo mwaka 2011, watu wakifuata kikombe cha dawa ya asili. Wapo waliokunywa wakaendelea na ARV, na wapo walioziacha wakarudi wodini. Kama unatumia kitu, mwambie daktari. Akikufokea, bado ni afadhali ajue.

Chakula: kula unachoweza, kiive vizuri, maji yachemshwe. Hakuna haja ya kufuta sukari wala kunywa juisi ya rosela kama dawa ya damu, ingawa ni tamu.

Mke wangu anaweza kuambukizwa saratani hii?

Hapana, wala watoto mnaokula nao sahani moja. Vyombo visitengwe. Wakati wa dripu tumieni kondomu hata kama virusi vyako havionekani, kwa sababu mabaki ya dawa huweza kuwa kwenye majimaji ya mwili siku chache, na mimba haifai kipindi hicho.

Sitaki ndugu wajue kuhusu VVU. Inawezekana?

Inawezekana. Tanzania kuna sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008, na Kenya ya 2006. Zote zinalinda siri ya majibu yako. Mwambie daktari wa saratani ukiwa peke yako, na umwombe asitaje mbele ya wasindikizaji. Changamoto ni kopo la ARV wodini na barua ya rufaa inayoshikwa na shemeji. Wengine huhamishia vidonge kwenye chupa nyingine iliyoandikwa jina la dawa. Barua iombe ifungwe kwenye bahasha. Lakini usimfiche daktari. Asiyejua unameza ritonavir atakupa dozi isiyo yako.

Na watoto?

Mtoto mwenye uvimbe wa taya au tumbo unaokua kwa siku apelekwe hospitali ya rufaa wiki hiyohiyo, awe na VVU au asiwe navyo. Burkitt ya watoto huitikia dawa upesi kuliko limfoma karibu zote, na huua upesi vilevile ikiachwa.

Nitaweza kuzaa baadaye?

Wengi huweza. ABVD huathiri uzazi kidogo. Cyclophosphamide iliyo ndani ya CHOP inaweza kuathiri zaidi, hasa kwa mwanamke aliyekaribia miaka 40. Hedhi hukatika wakati wa tiba na mara nyingi hurudi baada ya miezi kadhaa. Kukatika kwake si uzazi wa mpango, kwa hiyo endelea na njia nyingine. Mwanamume anayetaka watoto aulize kuhusu kuhifadhi mbegu kabla ya dripu ya kwanza, mahali huduma hiyo ilipo. Madaktari wengi hushauri kusubiri kama miaka miwili baada ya kumaliza, kwa sababu limfoma ikirudi hurudi zaidi katika kipindi hicho. Ukifika muda huo kliniki zako zimekwenda vizuri na virusi havionekani, panga mimba na CTC kama mwanamke mwingine yeyote anayeishi na VVU, na umwambie mkunga kwamba uliwahi kupata doxorubicin ili moyo upimwe mapema.